Kirusi Ndani ya Kipindupindu



Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini hapo, alikifuatilia kwenye njia za misafara ya bara na za majahazi, na mwaka 1876 akatoa kitabu chake juu ya maradhi hayo Afrika Mashariki. Njia alizijua, mdudu hakumjua. Na hata mdudu huyo, ambaye ni bakteria, alipojulikana, ilichukua hadi mwaka 1996 ndipo watafiti Matthew Waldor na John Mekalanos walipoonyesha kwamba sumu ya kipindupindu bakteria ameletewa na kirusi.

Kirusi hicho humwingia bakteria, kikajipachika kwenye vinasaba vyake, na jeni za sumu huja nacho. Bakteria asiyekuwa nacho hawezi kumharisha mtu yale maji yanayofanana na maji ya mchele. Tena kirusi humnasa bakteria kwa vinyweleo ambavyo bakteria huviotesha anapokuwa utumboni. Kumbe matumbo yetu wenyewe ni uwanja wao wa kukutania.

Vipo pia virusi vinavyomuua bakteria huyo huyo. Watafiti waliopima maji ya Dhaka walichapisha mwaka 2005 kwamba virusi hivyo vinapojaa majini, wagonjwa hupungua. Mlipuko huvilisha wenyewe: wagonjwa wanamwaga bakteria, virusi vinawala na kuzaliana. Wahitimu wetu wa afya ya mazingira, mtu asiwaambie basi tuviache vifanye kazi. Mpaka viongezeke, watu wameshazikwa.

Kwa hiyo kazi yenu iko kwenye mitaa iliyobanana, kwenye kisima kifupi kilichochimbwa hatua chache tu kutoka choo cha shimo. Masika yakipiga, choo kinafurika, maji yanateremka kisimani, na asubuhi foleni ya ndoo iko pale pale. Msikubali kuambiwa maji ni masafi kwa sababu yanang'aa. Palipo na bomba, pimeni mabaki ya klorini bombani, yasishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Kisha ombeni ruhusa, mwingie ndani ya nyumba, mpime na kwenye ndoo, maana humo ndimo mtoto anamochota kwa kikombe alichokishika kwa mkono usiooshwa.