Kuupima Ujumbe: Elimu ya Habari za Kidijitali katika Fuo za Ziwa Viktoria

Elimu ya habari za kidijitali ni uwezo wa kuupata ujumbe, kuupima, kuutumia, na kutunga ujumbe mwingine bila kumdhuru mtu. Azimio la Grünwald, lililopitishwa chini ya UNESCO mwaka 1982, lilitaka elimu ya namna hii itolewe tangu chekechea hadi chuo kikuu, na kwa watu wazima pia. Siku hizo hofu kubwa ilikuwa televisheni. Katika fuo za Kenya za Ziwa Viktoria, leo elimu hiyo hupimwa kwanza kwa bei ya samaki.

Samaki hangoji. Mvuvi wa Dunga au Usenge anayefika nchi kavu alfajiri bila barafu hulazimika kuuza asubuhi hiyo hiyo, na kwa miaka mingi aliyeijua bei ya mjini alikuwa dalali aliyekuja na gari. Mwaka 2009, kituo cha Kisumu cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya kilianza kutoa taarifa za soko la samaki kwa ujumbe mfupi, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Wakusanyaji waliokuwa kwenye fuo na sokoni walituma bei za sangara, ngege na omena (dagaa). Mwenye kabambe, yaani simu ya kawaida ya bei nafuu, aliuliza, akajibiwa. Hata hivyo, bei iliyoandikwa haijitafsiri yenyewe. Bei ya Nairobi ina nauli na barafu ndani yake. Bei ya jana huenda imeshapitwa. Omena wabichi si omena wakavu, na kilo si gorogoro, yaani kopo la kupimia. Anayeyajua haya huigeuza namba kuwa hoja mbele ya mnunuzi. Asiyeyajua hugombana na mnunuzi na bado huuza kwa hasara. Tena yuko mvuvi aliyekopeshwa nyavu na injini na mnunuzi wake: huyo huiona bei nzuri ya ufuo wa jirani asiweze kwenda huko. Kwa hiyo habari huleta faida kamili pale inapoambatana na akiba ya chama au ushirika unaomtoa mvuvi kwenye deni.

Fedha nazo zimehamia simuni. M-PESA ilizinduliwa Machi 2007, na muda si mrefu wachuuzi wa samaki wakawa wanalipwa kwa simu. Tapeli huiga maneno ya ujumbe wa malipo, kisha hupiga simu akilia kwamba ametuma kimakosa na kuomba arudishiwe. Kinga dhidi yake ni nyepesi na inafundishika kwa dakika chache: salio ndilo linalothibitisha malipo, wala namba ya siri haisomwi kwa mtu yeyote. Mikopo ya simu inahitaji muda zaidi. Baadhi ya programu za mikopo ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina simuni, kisha mkopaji alipochelewa wakapigiwa ndugu na majirani zake ili aaibike. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na kanuni za Benki Kuu za 2022 zilikuja kuzuia udhalilishaji huo. Ulinzi wa sheria huanza kufanya kazi pale mkopaji anapojua kwamba upo.

Upande wa jamii, Kisumu ilipata funzo zito. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe mfupi wa chuki ulisambaa nchini kutoka simu hadi simu, mwandishi asijulikane. Lakini Januari 2008 ni kamera ya televisheni iliyonasa askari polisi akiwapiga risasi waandamanaji Kisumu, na mwezi huo huo jukwaa la Ushahidi likaanza kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Kwa hiyo kumwambia raia asiamini chochote ni kumfundisha nusu ya somo, tena nusu iliyo hatari, kwa maana aliyetenda uovu hufaidika picha ya kweli inapotupwa pamoja na za uongo. Inafaa raia ajue kuuliza picha ilipigwa wapi, lini, na nani mwingine aliyeona.

Mtaala wa umilisi wa shule za Kenya, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, unautaja ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi saba wa msingi. Hilo ni jambo jema kwa watoto. Watu wazima walio mitumbwini na sokoni wanahitaji mlango mwingine, nao upo: kamati za usimamizi wa fuo, vyama vya akina mama, na redio za Kidholuo kama Ramogi FM. Somo linalotolewa ufuoni, kwa lugha ya nyumbani, likianzia kwenye ujumbe uliopokelewa asubuhi hiyo, lina nafasi kubwa ya kushika kuliko warsha ya hotelini mjini.

Sehemu ya mwisho ya elimu hii ni kudai habari. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 za kujibu ombi, au saa 48 uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Mchuuzi wa omena anaweza kuiuliza kaunti kwa maandishi ushuru anaotozwa umewekwa na sheria gani na fedha zake zimetumiwa wapi.