Fundi, Umeandika Wapi?



Mji wa Karatu huishi kwa wageni. Hulala hapo, na alfajiri hushika njia ya lango la Lodoare ili washuke Kreta ya Ngorongoro. Sasa chukueni mfano wa nyumba ya wageni inayoandikisha vyumba kwa kompyuta ya Linux. Karatasi inatoka imeandikwa 03/05. Mapokezi wanasoma tarehe 3 Mei, kama tulivyozoea. Kumbe mashine ilipangwa kwa Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia: ni tarehe 5 Machi. Mgeni anabisha hodi Machi, na chumba chake kimetolewa kwa mwingine.

Programu yenyewe haina kosa. Programu nyingi za Linux, zikiwashwa, huyaangalia kwanza mazingira yao, na majibu huyakuta katika maneno mafupi yaitwayo vigeu vya mazingira. LANG hutaja lugha, LC_TIME namna ya kuandika tarehe, TZ saa za mahali. Kama hakuna aliyevibadili, hufuatwa vile vilivyowekwa siku ya kwanza.

Baadhi ya mafundi hurekebisha kigeu katika faili la mtumiaji mmoja, liitwalo .bashrc. Tarehe inakaa sawa mbele ya macho, fundi anapokea ujira wake na kwenda zake. Lakini programu ya vyumba huwashwa na mashine yenyewe, wala haisomi faili la mtu. Inaendelea na tarehe za Marekani.

Pa kuandika ni pale panaposomwa na mashine nzima: /etc/default/locale kwa Debian na Ubuntu, /etc/locale.conf kwa Fedora. Hata Kiswahili cha Tanzania kimo, kwa jina la sw_TZ. Ikiwa ni programu moja tu inayohusika, amri ya systemctl edit huweka maagizo yenu katika faili la pembeni. Faili lililokuja na programu msiliguse, maana toleo jipya likija huenda likafuta kazi yote. Kisha programu iwashwe upya.

Wenye nyumba za wageni, kabla ya kulipa, mwambieni fundi azime mashine, aiwashe, achape karatasi yenye tarehe iliyozidi 12. Tarehe ndogo huficha kosa. Tarehe 25 haiwezi kujifanya mwezi. Mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini aje siku anayotarajiwa.

Kwa leo ni hayo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.