Roboti Isiyotaka Kwenda: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Kila mmoja awe na daftari na kalamu karibu, kwa maana leo tutaandika namba.

Leo tutazungumza juu ya roboti yenye magurudumu. Roboti ni mashine inayofanya kazi yenyewe kwa kufuata maagizo iliyowekewa. Labda utasema, "Hayo ni mambo ya nchi za mbali." Sivyo. Mwezi wa Mei mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, jirani zetu wa Rwanda walianza kutumia roboti tano za namna hiyo mjini Kigali. Waliziita Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Kazi yake ilikuwa kupima joto la watu na kupelekea wagonjwa chakula na dawa, ili wauguzi wasiambukizwe.

Hapa Dar es Salaam pia ufundi upo. Penye njia panda ya Barabara ya Morogoro na Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwendo mfupi kutoka Upanga, iko Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Ilianza mwaka 1957 kuwa shule ya ufundi, na jina lake la sasa ililipata mwaka 1997. Ukienda mbele kidogo unafika Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Basi si ajabu kijana wa nyumbani kwako akijaribu kutengeneza roboti yake.

Sasa shika mfano huu. Tuseme binti yako, hapo Upanga, ametengeneza roboti ya kubebea mizigo midogo. Anaiwasha, na taa yake inawaka. Anaipa amri ya kwenda. Magurudumu yanashtuka kidogo, taa inazimika, halafu inawaka tena. Haiendi. Mtu mmoja anaitazama tu, na bila kuigusa anasema, "Mota zimekufa. Leta fedha tununue nyingine." Je, utazitoa? Huenda fedha hizo ndizo za unga na za daftari za shule. Kabla ya kuzitoa, tujifunze kupima.

Kwanza tujue vitu vyenyewe. Betri hutoa umeme. Mota huzungusha gurudumu. Kompyuta ndogo hutoa amri. Kati ya kompyuta na mota kuna bodi inayoendesha mota, kwa sababu umeme wa kompyuta ni mdogo mno, hauwezi kuzungusha gurudumu. Mwisho kuna enkoda. Hiki ni kifaa kidogo nyuma ya mota kinachohesabu mizunguko, ili kompyuta ijue gurudumu limekwenda kiasi gani na upande gani.

Tuanze na betri. Chukua mita ya kupimia volti. Waya mwekundu wa mita uguse alama +, yaani chanya, na waya mweusi uguse alama −, yaani hasi. Betri ya lithiamu yenye seli tatu zilizofuatana ikijaa huonyesha 12.6. Soma hivi: kumi na mbili nukta sita. Andika namba unayoiona.

Lakini usiishie hapo. Betri iliyopumzika huweza kuonekana nzima, ikapewa kazi ikashindwa. Kwa hiyo inua roboti, iweke juu ya tofali ili magurudumu yasiguse chini, kisha pima tena wakati mota zinapojaribu kuzunguka. Pima mahali pawili: kwenye betri yenyewe, na mahali umeme unapoingia kwenye bodi.

Tuseme umeona hivi. Kwenye betri 11.8, na kwenye bodi 7.6. Toa: 11.8 kutoa 7.6 ni 4.2. Volti hizo 4.2 zimepotelea njiani! Basi betri haina kosa, wala mota bado hatujaishtaki. Kagua njia: waya mwembamba mno, kiungo kilicholegea, swichi yenye kutu. Lakini kama namba zote mbili zimeshuka pamoja, betri imechoka au haina chaji, au gurudumu limekwama. Zima umeme, kisha uzungushe gurudumu kwa mkono. Mota iliyokwama hula umeme mara nyingi zaidi ya mota inayozunguka bila mzigo.

Hapa nawaonya. Chanya na hasi za betri zisigusane hata kidogo. Weka fyuzi karibu na betri kwenye waya wa chanya. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji, na iliyo nzima ichajiwe kwa chaja yake tu. Ukikaa katika nyumba ya ghorofa, moto wa chumba kimoja ni moto wa majirani wote.

Pili, mota. Tuseme gurudumu la kulia linazunguka, la kushoto halizunguki. Zima umeme, kisha badilishana nyaya za mota hizo mbili penye bodi: ya kulia iende kushoto, na ya kushoto iende kulia. Washa tena. Kama sasa linalogoma ni gurudumu la kulia, mota ya kushoto ni nzima. Ubaya uko kwenye bodi au kwenye amri inayofika hapo. Kama bado linagoma la kushoto, kagua waya wake na mota yake. Jaribio hilo halina gharama hata senti moja.

Tatu, enkoda. Mota nyingi zenye enkoda zina nyaya sita: mbili za mota, mbili za kuipa enkoda umeme wake mdogo, na mbili za habari, zinazoandikwa A na B. Usiamini rangi za nyaya, maana kila kiwanda kina rangi zake. Soma herufi. Ukipeleka umeme wa mota kwenye nyaya za enkoda, enkoda itaungua.

Sasa zungusha gurudumu kwa mkono huku ukitazama hesabu kwenye kompyuta. Mbele, hesabu iongezeke, nyuma, ipungue. Isipobadilika, pima kama enkoda inapata umeme, kisha kagua waya A na waya B. Hesabu ikirukaruka mota zinapofanya kazi, angalia kama hasi ya enkoda, ya kompyuta na ya bodi zimeunganishwa pamoja. Tena tenga nyaya za habari na nyaya nene za mota.

Ikiwa hesabu inapungua gurudumu likienda mbele, nyaya A na B zimepishana. Hilo ni kosa la hatari. Kompyuta itadhani roboti inarudi nyuma, itaongeza nguvu, na roboti itakimbia ovyo hata igonge mtu. Ndiyo sababu tuliiweka juu ya tofali. Badilishana A na B, basi. Usigeuze na nyaya za mota kwa wakati huo huo, maana ukigeuza vyote viwili utarudi pale pale ulipoanza.

Nne, andika. Katika daftari lako andika tarehe, mahali ulipopima, namba uliyoiona, na kitu ulichobadilisha. Badilisha kitu kimoja tu, kisha pima tena.

Turudi kwa binti yako. Namba zake ni zile zile, 11.8 na 7.6. Alifuata njia ya umeme mpaka kwenye swichi, akakuta waya umelegea. Akaukaza, akapima tena: kwenye bodi 11.6. Roboti ikaenda, na mota ni zile zile za zamani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ninyi mliojifunza kusoma alama + na −, herufi A na B, na namba zenye nukta, msidhani elimu hiyo ni ndogo. Mwenye namba katika daftari lake haambiwi tu, "Leta fedha." Yeye huuliza, "Umepima wapi, nawe umeona ngapi?"

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini tunapima betri mara mbili?
2. Kwenye betri umeona 12.0, na kwenye bodi 9.5. Volti ngapi zimepotea njiani? Utakagua nini?
3. Kwa nini roboti huwekwa juu ya tofali wakati wa kuijaribu?