Ubao wa ukungu

Mtoto wa darasa la kwanza anakunja uso, pua karibu iguse daftari, kisha ananakili kwa jirani. Mwalimu anasema ni mzito, anamchapa. Kumbe ubao wote kwake ni ukungu, naye halalamiki kwa kuwa anadhani kila mtu anaona hivyo. Viboko navyo havijawahi kutibu macho.

Kipimo ni chepesi: chati ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku, mita 6, jicho moja limefunikwa. Hata asiyejua kusoma anaonyesha kwa kidole upande herufi inakoelekea. Kuchelewa kuna gharama: jicho dhaifu ambalo ubongo umezoea kulipuuza hutibika vizuri zaidi kabla ya miaka 7.

Mzazi, unaponunua sare za Januari, mpeleke na akapimwe macho.