Mugabe Were: Siku 33 za Ubunge

Ukishuka matatu Kayole leo, mbunge wako ni wa Embakasi ya Kati. Kabla ya uchaguzi wa 2013, Kayole, Dandora na mitaa kadhaa ya Eastlands ilibanana katika eneo bunge moja kubwa la Embakasi, kabla halijagawanywa kuwa maeneo bunge 5.

Kiti hicho kikubwa ndicho alichokitwaa Melitus Mugabe Were Desemba 27, 2007, kwa tiketi ya ODM. Hakuwa na jina la ukoo wa kisiasa. Alikuwa mfanyabiashara aliyejijenga mwenyewe, akawa diwani wa Dandora, akajulikana kwa kuwalipia karo watoto wa wasiojiweza. Eastlands, karo ni kampeni isiyohitaji kipaza sauti.

Bunge lilikutana Januari 15, 2008, nchi ikiwaka moto wa ghasia za baada ya uchaguzi. Kenneth Marende wa ODM alichaguliwa Spika kwa kura 105 dhidi ya 101 za Francis Kaparo. Hesabu ilikuwa finyu kiasi hicho.

Wiki 2 baadaye, usiku wa kuamkia Januari 29, Were alipigwa risasi langoni mwa nyumba yake mtaani Woodley. Waombolezaji walipofurika nyumbani, polisi wakawarushia vitoa machozi.

Msibani!

Juni mwaka huo Embakasi ilirudi debeni. Aliyeshinda ni Ferdinand Waititu wa PNU, naye pia aliyekuwa diwani, ambaye baadaye angekuwa gavana wa Kiambu na kung'olewa Januari 2020.