Kanuni Zinapokaa Kimya: Mpangilio wa Kanuni katika Ukaguzi wa Hati za XML kwa Schematron

Niliombwa nieleze ukaguzi wa hati za XML kwa jumla. Mengi mnayajua. XML ilipitishwa na W3C Februari 1998. Skima hukagua umbo la hati. Schematron, iliyoanzishwa na Rick Jelliffe mwaka 1999 na kuwa kiwango cha ISO/IEC 19757-3 mwaka 2006, hukagua mahusiano ambayo skima haiyafikii. Hapo sitakawia, kwani lililonileta ni moja.

Katika mradi mmoja wa kuhifadhi barua za zamani kwa TEI, mfumo wa kuweka matini katika XML, tulikuwa na kanuni mbili za tarehe. Ya kwanza ilishika kila tei:date, ikidai isiwe tupu. Ya pili ilishika tei:opener/tei:date, ikidai atributi ya when, maana kompyuta haiwezi kupanga barua kwa maneno ya mwandishi peke yake. Tuliziweka katika paterni moja, yaani kundi moja la kanuni, kwa mpangilio huohuo. Kwa miezi mingi ripoti ilikuja safi, nasi tukaiamini. Mtafiti alipoomba barua zipangwe kwa tarehe, nyingi hazikuwa na when. Ilituuma, kwa sababu waliozinakili walikuwa wamefanya kazi kwa uangalifu mkubwa na hakuna aliyewaambia kinachokosekana.

Chanzo ni hiki: ndani ya paterni moja, nodi hushikwa na kanuni ya kwanza inayolingana nayo, na zinazofuata haziitazami tena. Tarehe ya mwanzo wa barua ilishikwa na kanuni ya jumla. Ya pili haikuifikia kamwe. Waliozoea XSLT hukosea hapa kuliko wengine. Kule, tei:date ina kipaumbele cha 0 na njia yenye mkwaju ina 0.5, hivyo iliyo mahususi hushinda. Schematron haipimi umahususi. Inafuata mpangilio tu.

Kimya hicho kina chanzo kingine kinachofanana nacho kwa nje: nafasi ya majina. Ukiandika date bila tei:, na hati ikiwa ya TEI, kwa XPath 1.0 kanuni hutafuta elementi isiyo na nafasi ya majina. Haioni kitu, haitoi kosa, na hati inapita.

Namna ya kutofautisha ni rahisi, ingawa ilituchukua muda mrefu kuipata. Fungua ripoti ya SVRL, yaani ripoti ya matokeo ya Schematron, utafute kanuni yako miongoni mwa fired-rule, orodha ya kanuni zilizoshika nodi. Ikiwa haimo, ihamishe peke yake kwenye paterni mpya. Ikiamka, ilikuwa imemezwa na kanuni iliyoitangulia. Ikiendelea kulala, kagua kiambishi na njia. Usianze kwa kugusa maandishi ya sharti lenyewe, yaani dai la kanuni; sisi tulipoteza siku nyingi tukisahihisha sharti lililokuwa sahihi tangu mwanzo.

Naheshimu mwongozo tulio nao wa kuandika kanuni, wala siombi ufumuliwe. Naomba uongezwe haya. Kanuni mahususi itangulie ya jumla. Lakini hilo pekee halitoshi: mahususi ikitangulia, tarehe ya mwanzo wa barua haitakaguliwa tena kama ni tupu. Panapohitajika ukaguzi wa pande zote mbili, kila kanuni iwe na paterni yake, kwa kuwa paterni hukaguliwa kila moja kwa nafsi yake. Kanuni yenye nyota kama muktadha isiwekwe mwanzoni mwa paterni, kwani humeza elementi zote kabla kanuni zinazofuata hazijazifikia. Viambishi vya nafasi za majina vitangazwe juu ya faili na vitumike kila mahali. Ripoti isiyo na kosa isipokewe mpaka orodha ya fired-rule isomwe. Narudia kwa makusudi: mpangilio usomwe kabla ya sharti.

La mwisho, kila kanuni iwasilishwe pamoja na hati ndogo yenye kosa la makusudi, na faili lisipokewe kabla kanuni hiyo haijalikamata kosa hilo.