Hondohondo Hana Kosa: Mahusiano ya Mimea na Wanyama katika Msitu wa Amani



1. Utangulizi
Nimeombwa nizungumzie, mbele ya kamati za mazingira za vijiji, mahusiano yaliyojificha baina ya mimea na wanyama. Maoni haya ni yangu. Yasichukuliwe kuwa msimamo wa ofisi yangu.

2. Maana ya istilahi
Uchavushaji na usambazaji wa mbegu sote tunaujua. Nyuki hubeba chavua. Ndege hula tunda na kuiacha mbegu mbali. Panya buku hufukia mbegu za mti wa msambu, na zile anazozisahau huota. Sitakawia hapa.

3. Tatizo la musizi
Musizi ni mti mgeni; kwao ni magharibi ya Ziwa Viktoria. Uliletwa Amani mapema katika karne ya 20, kisha ukapandwa kwa wingi kuziba mapengo ya ukataji wa magogo. Hukua haraka na hupenda jua. Tunda lake likiiva, ndege aitwaye hondohondo hulimeza zima, na mbegu huicheua akiwa kwenye mti mwingine, pengine katika bonde la pili.

Nendeni asubuhi chini ya mti wanakotua. Mtasikia mabawa kabla ya kumwona ndege, kisha mbegu zikidondoka juu ya majani makavu, safi kama zilizooshwa. Miche imesongamana, pa kukanyaga hapana.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikata miti mikubwa ya musizi, tukapiga picha, tukaandika taarifa. Baada ya misimu michache pengo lile lilijaa musizi mtupu. Sisi tulifungua paa la msitu, jua likaingia, hondohondo akaleta mbegu. Tukakata tena. Fomu ya taarifa ya mwaka huuliza miti mingapi imekatwa. Haijawahi kuuliza nini kimeota. Nimeandika barua tatu kuomba irekebishwe. Nilijibiwa moja: suala linashughulikiwa.

Wakati huohuo, mti wetu wa asili, Leptonychia usambarensis, hutegemea ndege wadogo wasiopenda kutoka kwenye kivuli. Utafiti wa Norbert Cordeiro na Henry Howe, uliochapishwa 2003, ulionyesha kuwa katika vipande vidogo vya msitu ndege hao ni haba, na mbegu nyingi hubaki chini ya mti mama. Mgeni anabebwa na ndege anayevuka mabonde. Mwenyeji anabebwa na ndege anayeogopa kuvuka shamba la chai.

Wapo wanaonong'ona kuwa hondohondo wapunguzwe. Ndugu zangu, ndege huyohuyo hubeba mbegu za mikuyu yetu. Jike akijifungia tunduni kutotoa, dume humlisha matunda kupitia ufa mwembamba, na humletea yaliyopo. Tukimwachia musizi, atabeba musizi.

4. Mapendekezo
(a) Miti mikubwa ya musizi isikatwe kwa mkupuo. Ibanduliwe gome kuzunguka shina, ife ikiwa imesimama, ili paa lifunguke polepole.
(b) Kabla ya kubandua, chini yake ipandwe miche ya asili inayovumilia kivuli.
(c) Kung'oa miche ya musizi kuanzie chini ya miti wanakotua hondohondo.
(d) Miti mikubwa yenye matundu isiguswe, hata kama imezeeka.
(e) Vijiji vipande miti ya asili yenye matunda kando ya mito, ndege wadogo wapate njia kati ya kipande kimoja cha msitu na kingine.
(f) Vikundi vya vijiji vilipwe kwa miti ya asili iliyoota na kushika, si kwa idadi ya visiki.
(g) Kibali cha majaribio ya (a) na (b) kitolewe kwa eneo dogo kwanza, kwa kuzingatia sheria ya hifadhi.
(h) Fomu ya mwaka iongezwe safu moja: nini kimeota?
(i) Kwa kusisitiza (a): tusifungue pengo tusiloweza kulijaza.
(j) Kwa kusisitiza (h): fomu ibadilishwe.

5. Hitimisho
Kesho tutaingia msituni. Naomba, kabla ya panga lolote kutolewa, tusimame kimya kidogo chini ya mti wa hondohondo, tusikilize kinachodondoka.